Gharama za lori Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kununua, kukodi na kuliendesha

Majibu haya ni ya mtu anayetafuta lori lake la kwanza, anayetaka kukodi kwa kazi ya wiki mbili, au aliye na lori tayari na haoni faida inapotelea wapi. Hesabu za mfano zimetumia dizeli ya Sh 170 kwa lita. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi na huanza kutumika siku inayofuata, kwa hiyo weka bei ya sasa kabla ya kuamini jumla yoyote iliyo hapa chini. Bei za lori, tairi na mishahara katika mifano nazo ni za kuonyesha hesabu inavyokwenda, weka zako.

Ninunue lori la ukubwa gani?

Anza na mzigo, kisha lori. Jiulize utabeba nini, tani ngapi kwa safari moja, kutoka wapi, na kama kuna mzigo wa kurudi nao. Viazi vya Kinangop kuja Marikiti usiku, mawe ya Ndarugu kwenda mjengo Ruaka, na kontena la kutoka Mombasa kuja Embakasi ni kazi tatu tofauti zinazotaka malori matatu tofauti.

Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne, tani 18 kwenye ekseli mbili zilizofuatana na tani 24 kwenye tatu. Ukijumlisha, lori la ekseli mbili haliwezi kupita tani 18, tipa ya tairi kumi tani 26, na kichwa (gari la mbele linalovuta) cha ekseli tatu kikivuta trela ya ekseli tatu tani 50. Huo ni uzito wa lori, bodi na mzigo kwa pamoja.

Wengi husahau kwamba uzito uliowekwa na mtengenezaji ukiwa mdogo kuliko wa sheria, huo mdogo ndio wa kufuata. Isuzu FRR ina ekseli mbili, lakini imejengwa kwa uzito wa jumla wa tani 10 hadi 11, si 18. Ikiwa tupu na bodi yake ya chuma ina tani 4 na nusu, umebaki na tani 6 za kuuza. Ndiyo maana bodi ni jambo la pesa: fundi wa Kariobangi Light Industries akikuongezea vyuma vizito vya nusu tani, amekutoa nusu tani ya mzigo kwenye kila safari hadi siku utakapoliuza. Kubaliana naye unene wa mabati na vyuma kwa maandishi, halafu pima lori tupu kwenye mizani kabla ya kumaliza kumlipa.

Jipya, lililotumika humu nchini, au niagize nje?

Jipya lililounganishwa hapa huja na dhamana, na benki hulikopesha kwa amana ndogo zaidi. Kwa mtu mwenye kandarasi ya kila siku, ambaye siku moja ya kusimama inamkosesha mteja, hilo ndilo chaguo tunalopendekeza hata kama bei inauma.

La kuagiza lina hesabu ndefu zaidi: bei ya kununulia, meli, bima ya baharini, ushuru wa forodha, VAT ya 16%, ada za bandari, wakala, usajili, na mafuta ya kulileta Nairobi. KRA, mamlaka ya ushuru, huhesabu ushuru kwa bei ya rejareja ya modeli hiyo ikiwa mpya, ikipunguzwa kulingana na umri, wala si kwa risiti yako. Masharti ya umri na aina ya magari makubwa yanayoruhusiwa kuingia yamekuwa yakibadilika, basi pata jibu la KEBS, shirika la viwango, kwa maandishi kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Lililotumika hapa ndilo rahisi kupata na ndilo linalodanganya zaidi. Usiangalie rangi. Lori la biashara hupakwa rangi kabla ya kuuzwa, na saa ya kilomita hurudishwa nyuma.

Nikague nini kwenye lori lililotumika?

Fika asubuhi na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini: ikiwa ya moto, ameficha shida ya kuwaka ikiwa baridi. Ikishawaka, legeza kifuniko cha kujazia oili. Moshi kidogo ni kawaida. Injini ikipumua kwa nguvu hadi kifuniko kinarushwa, pistoni na ringi zimechoka na injini inaelekea kufunguliwa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe unaoendelea injini ikishapata moto, maji yakipungua kwenye radieta, unaonyesha gasketi ya hedi. Mweusi mzito unapokanyaga mafuta hutokana na nozeli, pampu, turbo au filta ya hewa iliyoziba, na hiyo ya mwisho ndiyo ya bei nafuu, kwa hiyo iangalie kwanza.

Kisha ingia chini. Chasisi ndiyo uti wa lori, na nyufa zake hutokea nyuma tu ya kabini, kwenye vishikio vya springi na pale bodi ilipofungwa. Ukiona kiraka cha chuma kilichochomelewa, muulize muuzaji lilibeba nini, kwa sababu kiraka karibu kila mara ni historia ya kuzidisha mzigo. Hakikisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma inasomeka na inalingana na logbuku, yaani hati ya umiliki. Namba iliyosagwa au iliyochomelewa juu yake haina mjadala: ondoka.

Inua ekseli ya mbele kwa jeki, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza huku mtu amekanyaga breki, kingipini (pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia) zimekwisha. Likicheza breki ikiwa imeachwa tu, ni beringi. Zungusha propela kwa mkono usikilize krosi, yaani viungo vyake. Angalia ndani ya rimu za nyuma: mafuta yaliyomwagika humo yanatoka kwenye sili ya habu, nayo huharibu laini za breki. Kwa tipa, inua bodi ikiwa na mzigo na uiache juu dakika kumi. Ikishuka yenyewe, haidroliki inavuja ndani, kwenye ramu au vali.

Soma tarehe ya tairi. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi sita kuukuu zenye vidato vizuri bado ni gharama inayokusubiri, na una haki ya kuitoa kwenye bei.

Karatasi gani zinanilinda?

Tafuta rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ulinganishe jina, namba ya chasisi na ya injini. Halafu angalia pia sajili ya haki za dhamana za mali inayohamishika, ambayo nayo iko eCitizen, kwa sababu lori linaweza kuwa limewekwa rehani bila jina la mkopeshaji kuonekana kwenye logbuku. Trela ina namba yake inayoanza na Z na logbuku yake peke yake, ikague kivyake.

Lipa kwa benki na uhamishe umiliki siku hiyohiyo. Muuzaji naye asilale: chini ya kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, jina lililosajiliwa ndilo linalochukuliwa kuwa la mwenye gari hadi ithibitishwe vingine. Ajali ikitokea kabla ya uhamisho, barua ya wakili itaenda kwake.

Mkopo wa lori hugharimu kiasi gani hasa?

Swali la kwanza si asilimia ngapi, ni asilimia ya nini. Chukua lori la Sh 6,000,000, amana ya 20%, mkopo wa Sh 4,800,000 kwa miezi 48 na riba ya 16% kwa mwaka. Riba ikihesabiwa kwa salio linalopungua, utalipa takriban Sh 136,000 kwa mwezi, na riba yote itafika karibu Sh 1,730,000. Ikihesabiwa kwa mkopo wa mwanzo hadi mwisho bila kujali ulicholipa, utalipa Sh 164,000 kwa mwezi na riba ya Sh 3,072,000. Tangazo ni lilelile la 16%, tofauti ni zaidi ya milioni moja na laki tatu.

Omba jedwali la malipo ya kila mwezi kabla ya kutia sahihi. Uliza ada ya kuandaa mkopo, kifuatiliaji cha GPS kinacholazimishwa, bima unayotakiwa kununua, na adhabu ya kumaliza mapema. Weka pia akiba ya miezi mitatu ya malipo. Wateja wakubwa hulipa baada ya siku 30, 60, wakati mwingine 90, na benki haisubiri.

Kilomita moja ya lori inanigharimu ngapi?

Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote, na anayejua jibu lake hakubali kazi ya hasara. Gawa gharama mara mbili: zinazokula lori likitembea, na zinazokula hata likilala.

Tuendelee na lori lilelile la milioni 6, la tani sita hadi saba, likienda kilomita 5 kwa lita. Dizeli ni Sh 34 kwa kilomita. Tairi sita za Sh 25,000 kila moja zikidumu kilomita 50,000 ni Sh 3. Sevisi ya Sh 18,000 kila kilomita 5,000 ni Sh 3.60. Tenga Sh 5 za matengenezo makubwa, usiziguse. Jumla ni Sh 45.60 kwa kilomita.

Za kulala: malipo ya mkopo Sh 136,000, bima ya 5% ya thamani Sh 25,000 kwa mwezi, dereva na utingo pamoja na makato ya mwajiri Sh 60,000, kifuatiliaji, egesho, leseni na ukaguzi Sh 10,000. Jumla Sh 231,000 kila mwezi, mvua inyeshe au jua liwake.

Likitembea kilomita 4,000 kwa mwezi, gharama yote ni Sh 413,400, yaani Sh 103 kwa kilomita. Likitembea 2,000 tu, ni Sh 322,200, yaani Sh 161. Na ikiwa katika zile 4,000 nusu ni za kurudi tupu, kila kilomita yenye mzigo inabidi ilipe Sh 207. Hapo ndipo biashara nyingi za lori hufa: mwenye lori alikubali Sh 130 kwa kilomita akidhani ana faida ya Sh 27, akasahau barabara ya kurudi.

Kama hukukopa, usifikiri ile Sh 136,000 ni yako. Weka uchakavu badala yake. Lori likishuka kutoka milioni 6 hadi 3 kwa miaka sita, ni kama Sh 41,700 kwa mwezi ambazo lazima zirudi, la sivyo unakula lori lenyewe polepole. Usihesabu malipo ya mkopo na uchakavu kwa pamoja, chagua kimoja.

Mbona lori langu linakunywa dizeli kuliko la jirani?

Kwanza pima vizuri. Jaza tangi hadi shingoni, andika kilomita, fanya kazi, jaza tena hadi shingoni kwenye pampu ileile, kisha gawa kilomita kwa lita. Fanya mara tatu. Kipimo cha dashibodi hakitoshi. Canter, lori dogo, yenye mzigo wa halali huzunguka kilomita 6 hadi 8 kwa lita. Tipa ya tairi kumi 3 hivi. Trela iliyojaa 2 hadi 2 na nusu. Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480 na mzigo unapanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo safari ya kuja na ya kushuka hazilinganishwi. Trela inayopanda kwa kilomita 2.2 kwa lita na kushuka tupu kwa 3 itatumia takriban lita 378, yaani kama Sh 64,000 kwa mzunguko.

Matumizi yakizidi hapo, angalia upepo wa tairi, filta ya hewa, breki inayoshika na nozeli, kwa mpangilio huo. Foleni nayo ni mlaji: injini kubwa ikinguruma imesimama hutumia lita mbili au zaidi kwa saa. Kutoka Industrial Area saa kumi na moja alfajiri badala ya saa mbili ni akiba isiyohitaji fundi.

Na kuna wizi. Dalili yake ni matumizi yanayopanda ghafla kwenye njia ileile bila moshi wala kupungua kwa nguvu. Kipimo cha ndani ya tangi kilichounganishwa na kifuatiliaji huonyesha mafuta yakishuka gari likiwa limesimama. Hata hivyo, dereva anayelipwa posho ya safari kwa wakati hana sababu nyingi za kutafuta mtungi.

Tairi na sevisi zinahitaji nini?

Trela yenye kichwa cha tairi kumi na trela ya kumi na mbili ina tairi 22 barabarani, kwa hiyo kosa dogo la upepo huzidishwa mara 22. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa geji. Kugonga kwa nyundo hakuonyeshi tairi iliyopungua kidogo. Tairi mbili zilizo pamoja zikitofautiana kimo, moja hubeba mzigo wa zote mbili na hupasuka, mara nyingi ikiharibu na ya pili.

Ondoa tairi vidato vikibaki milimita 3 hivi ili liweze kuvalishwa mpira upya. Ukilitumia hadi nyuzi zionekane, umetupa gamba, yaani mwili wa tairi. Zilizovalishwa upya weka nyuma na kwenye trela. Usiziweke mbele kamwe.

Oili: Canter huchukua lita 9 hadi 10, kichwa cha trela lita 30 hadi 40. Dizeli chafu huua nozeli, na nozeli za kisasa ni ghali, basi mwaga maji kwenye kichujio kila wiki na ubadilishe filta ya dizeli kila sevisi. Grisi kwenye kingipini, bushi na krosi kila wiki, au kila siku kwa tipa inayoingia matopeni. Kaza U-boluti za springi baada ya kilomita mia chache tangu springi ibadilishwe. Zikilegea, jani kuu hukatika na ekseli husogea.

Vipuri vya Kirinyaga Road vinapatikana kwa viwango vingi vya bei. Kwa breki, usukani na beringi nunua cha asili. Kwa bampa na taa, amua mwenyewe.

Bima ipi ndiyo sahihi?

Hapa kosa moja la kujaza fomu linaweza kukufilisi. Bima ya kubeba mali yako mwenyewe na bima ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo ni vitu viwili. Ukichukua ya kwanza kwa kuwa ni nafuu, kisha ukabeba saruji ya mteja kwa malipo, kampuni ina sababu ya kukataa dai lote. Sema ukweli hata ikiwa unakodisha mara moja kwa mwezi.

Bima ya lori hailipi mzigo ulioharibika. Hiyo ni bima ya mizigo iliyo safarini, na inunuliwe kwa thamani ya mzigo mkubwa kabisa unaobeba. Trela ikatiwe yake. Soma kiasi utakachobeba mwenyewe kwenye kila dai, hasa dereva akiwa kijana au mwenye leseni mpya. Juu ya ada ya bima huongezwa tozo za 0.45% na stempu ya Sh 40.

Ada gani za kila mwaka?

Ukaguzi wa NTSA, ambao Nairobi hufanyika Likoni Road, Industrial Area. Kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa kwa lori lenye uzito tupu unaozidi kilo 3,048, pamoja na cheti chake. Na kodi ya mapema ya KRA ya Sh 2,500 kwa kila tani ya uwezo wa kubeba, isiyopungua Sh 5,000 kwa mwaka. Hii ya mwisho hukatwa kwenye kodi yako ya mapato, tunza risiti. Kaunti nazo hutoza egesho, cess (ushuru wa kaunti) ya mchanga, mawe na mazao, na ada ya maandishi ya matangazo kwenye bodi. Tipa inayotoa mchanga Machakos au Kajiado iingize cess kwenye bei kabla ya kumtajia mteja.

Risiti zote ziwe za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024, matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS hayakubaliwi kupunguza kodi, kwa hiyo gereji isiyotoa risiti inakuuzia kwa bei ya juu kuliko unavyodhani. Mauzo yakifika Sh 5,000,000 kwa mwaka, jisajili kwa VAT.

Nikizidisha mzigo kidogo, kuna ubaya gani?

Mlolongo, Gilgil, Mariakani na mizani nyingine hupima kila ekseli peke yake. Unaweza kuwa chini ya tani 26 kwa jumla na bado ukanaswa kwa sababu mzigo umeegemea nyuma. Kuna uvumilivu wa 5% kwa ekseli, lakini si kwa uzito wa jumla. Ukinaswa utalipa, utapanga upya au kupakua, na siku itaisha. Kokoto na mchanga uliolowa mvua huzidi uzito bila koleo moja kuongezwa. Pakia chini ya kiwango masika.

Kukodi hulipwaje, na mkataba useme nini?

Uliza kwanza: bei ni ya lori na dereva bila mafuta, au na mafuta? Watu wawili wanaweza kutaja bei mbili zenye tofauti kubwa na wote wako sawa. Kisha andikeni saa za kazi kwa siku, mwisho wa kilomita, malipo ya saa za ziada, malipo ya kusubiri kupakiwa, nani analipa cess, egesho, pancha na faini ya mizani. Faini ya uzito iwe ya aliyepakia. Bila sentensi hiyo mtagombana. Wabebaji huwa na bei yao, hasa kuhama nyumba ya ghorofa ya nne isiyo na lifti.

Omba nakala ya bima na uhakikishe ni ya kubeba mizigo ya watu. Dereva awe na leseni inayolingana: C1 kwa lori dogo, C kwa la wastani, CE kwa lenye trela. Piga picha lori pande zote kabla ya kulipokea.

Nikodi au ninunue?

Rudi kwenye lori la mfano. Ukiondoa dizeli, ambayo utalipa vyovyote, kulimiliki kwa kilomita 4,000 kunakula Sh 277,400 kwa mwezi. Ukipata la kukodi lenye dereva, bila mafuta, kwa Sh 15,000 kwa siku, siku 18 na nusu ndizo mpaka. Ukihitaji lori siku 10 kwa mwezi, kodi na pesa zako zibaki kwenye biashara. Ukilihitaji siku 24, mwaka mzima, na una kandarasi iliyoandikwa, nunua. Ahadi ya mdomo ya msimamizi wa mjengo isihesabiwe kama kandarasi.

Lini niliuze?

Weka daftari la matengenezo kwa kilomita. Zile Sh 5 za matengenezo makubwa kwa kilomita zikifika 12 au 15 kwa miezi sita mfululizo, na siku za kusimama zikazidi mbili au tatu kwa mwezi, tafuta mnunuzi injini ikiwa bado nzima. Lori linalowaka asubuhi na lenye ukaguzi wa mwaka huo huuzika haraka. Lililofunguliwa injini likiwa gereji, mnunuzi hulipima kwa bei ya vyuma.